Miezi Mitatu Bila Kumenya Ndizi

"Dole gumba langu linastaafu leo," Kokuberwa aliwatangazia watu wa Nyanga, mwezi wa nane mwaka 1974, mbele ya mwenyekiti wa tawi, padri, na mbuzi wawili waliokuwa wanasubiri kuchinjwa kwa heshima ya elimu. "Atakayeniletea tena wino wa kidole, nitampaka usoni."

Watu wakapiga makofi. Mbuzi hawakupiga.

Ilikuwa sherehe ya kuhitimu kisomo cha watu wazima, ngumbaru kama kilivyoitwa. Kokuberwa alikuwa na miaka thelathini na minane. Kwa miezi ishirini alikuwa akiingia darasani jioni na vumbi la kahawa kichwani, akitokea kiwandani, na siku ile aliandika jina lake ubaoni bila kudondosha herufi hata moja. Kisha akatia saini. Saini yenyewe ilikuwa na mkia mrefu uliorudi nyuma na kupiga mstari chini ya jina lote, kama saini ya gavana aliyekasirika. Mkia huo aliubuni mwenyewe. Mwalimu wake hakuwa na mkia.

Kazi yake ilikuwa kuchambua kahawa. Kiwanda kilikuwa mjini Bukoba, karibu na ziwa, na ndani yake kulikuwa na meza ndefu waliyoizunguka wanawake sitini. Kahawa iliyokobolewa ilimwagwa mezani, nao wakaondoa buni nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na mawe yaliyojifanya buni. Kwa kidole cha shahada na dole gumba: dona, tupa, dona, tupa. Miaka kumi na tisa. Wanaojua hesabu wapige wenyewe. Kokuberwa alisema kahawa aliyoishika inatosha kuwanyima usingizi Wazungu wote mpaka kiama.

Mwezi wa pili 1975 ilikuja mashine ya kuchambua. Haikuzungumza, haikunyonyesha, haikuomba ruhusa ya kwenda msibani. Wanawake sitini wakapangwa mstari uani na kuambiwa kwamba Taifa linawashukuru. Wakaambiwa pia kwamba kila mmoja ana fedha zake katika mfuko wa akiba ya wafanyakazi, zile zilizokuwa zikikatwa kwenye mshahara tangu mfuko ulipoanzishwa, na kwamba aliyepunguzwa kazini ana haki ya kuzichukua. Ajaze fomu, asubiri.

Immakulata, jirani yake wa Nyanga aliyekuwa akichambua kahawa kando yake, alisema zikija atanunua kitenge na kondoo. Kokuberwa yeye alikuwa ameshapita barazani kwa Yunus.

Yunus alikuwa fundi cherehani wa mjini, mtu mzima wa kanzu na koti, ambaye babu yake aliletwa Bukoba na biashara akasahau kurudi pwani. Macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu. Alikuwa ametoboa kidole chake mwenyewe mara mbili mwezi ule, na mara ya tatu nusura ashone mkono wa shati kwenye shingo. Aliamua kuuza cherehani yake, ya miguu, yenye meza, kwa shilingi mia sita na hamsini. Kokuberwa alimwomba amwekee. Yunus alikubali kuiweka mpaka Idd ya kuchinja, mwezi wa kumi na mbili. Zaidi ya hapo asingeweza. Duka la kijiji kimoja cha ujamaa huko Muleba lilikuwa limeshatuma mtu kuiulizia, na mtu huyo alikuja na hela mfukoni, si na maelezo.

Miezi kumi, Kokuberwa aliona, ni mingi. Fedha ni zake, zimeshakatwa, zimekaa mahali. Kinachotakiwa ni mtu azitoe mahali hapo na kumpa. Mambo mawili tu.

Akajaza fomu. Akatia saini, na mkia wake.

Mwezi wa tatu alikwenda ofisi ya mfuko kuuliza, akaambiwa arudi mwezi wa nne. Wa nne akaambiwa jalada limekwenda Mwanza. Wa tano, jalada halijarudi. Wa sita, karani alikuwa kwenye semina. Wa saba, karani alikuwa amerudi lakini ufunguo wa kabati ulikuwa bado semina. Kila mara Kokuberwa alitembea kutoka Nyanga hadi mjini, akakaa kwenye benchi, akasema shida yake kwa sauti ileile, akarudi. Wenzake wengi walichoka. Immakulata alikuwa na jina la mwanzoni katika orodha na alikwishalipwa mwezi wa tano. Kondoo alikuwa ameshakufa.

Mwezi wa nane jalada lilirudi, na juu yake kulikuwa na mstari mmoja wa kalamu nyekundu. Saini ya mwombaji haifanani na kumbukumbu zilizopo. Mwombaji apige dole gumba mbele ya Ofisa.

Kokuberwa aliusoma mstari huo mwenyewe, mara mbili, na ndiyo mara pekee aliyojuta kwenda darasani. Kumbukumbu zilizopo zilikuwa za mwaka ule mfuko ulipoanza, alipokuwa hajui hata herufi ya kwanza ya jina lake. Wakati ule alipiga dole, kama wote; Immakulata, aliyepiga dole tena kwenye fomu, hakuulizwa kitu. Kadi haikujua kwamba ameshahitimu.

Ofisa aliyetajwa alikuja kutoka Mwanza mara moja kila miezi mitatu. Jina lake Josia, mtu mwembamba, suti ya Kaunda, na mfukoni lenzi ndogo aliyoifuta kila baada ya mtu kama daktari wa meno. Kokuberwa alimeza tangazo lake la mwaka uliopita bila maji, akatoa dole gumba, akalikandamiza kwenye wino, akalipiga kwenye karatasi.

Josia akaangalia. Akamwambia arudie. Akarudia. Akamfutia kidole kwa pamba na spiriti, akamwekea wino mwenyewe, akambonyezea. Kwenye karatasi kulikuwa na doa jeusi, safi, la duara, kama buni iliyoungua.

"Mama," Josia alisema, "hapa hakuna mtu."

"Mtu ndiye huyu anayeongea nawe."

"Nakuona. Karatasi haikuoni." Akamgeuzia ile kadi ya zamani. Dole la pale lilikuwa na mistari kama shamba lililopigwa matuta, mzingo juu ya mzingo. "Huyu ndiye mwenye fedha. Wewe huna hata mstari mmoja. Nikisema ni mtu yuleyule, nitaulizwa niliona nini."

Kokuberwa akatazama kidole chake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kilikuwa laini, kinang'aa, kama kokoto la ufukweni. Kahawa ilikuwa imekilamba buni moja moja mpaka ikakimaliza. Na kilichobakizwa na kiwanda kilikuwa kinaliwa na nyumba: mwanamke wa Kihaya hushika kisu na kumenya ndizi kila siku ya Mungu, makali yakija kwenye dole gumba, utomvu ukikauka juu yake mweusi kama lami, kisha akaukwangua kwa jivu na mchanga.

Josia hakuwa mtu mbaya. Alisema waashi wa Mwanza wana tatizo hilohilo, saruji huwala vidole. Wakikaa miezi mitatu bila kushika kazi, ngozi hurudi, na mistari hurudi na ngozi, ileile, kwa sababu haitoki juu, inatoka ndani. Yeye angekuwa Muleba tarehe nne mwezi wa kumi na mbili, katika ofisi za wilaya mpya. Baada ya hapo majalada yasiyokamilika yangerudi Dar es Salaam kuchunguzwa upya. Kokuberwa alimwuliza uchunguzi huchukua muda gani. Josia aliifuta lenzi, na haikuwa na vumbi.

Jioni ile alimngoja mumewe. Clavery alikuwa fundi baiskeli kwenye njia panda ya Kagondo, mtu mpole mwenye mikono myeusi ya grisi na msimamo mmoja tu maishani, kwamba rubisi ya jana, ile pombe ya ndizi, ni bora kuliko ya leo. Walijaliwa watoto wawili, wote wa kiume: mmoja jeshini, mwingine kisiwani Bumbire akivua. Nyumbani hapakuwa na binti, wala mkwe, wala shangazi. Unga nao mwaka ule ulikuwa wa foleni na kibali. Kilichokuwepo ni kibanja chao nyuma ya nyumba, na kibanjani ndizi.

Akamweleza yote. Clavery akasikitika, akasema serikali ina mambo. Kisha akauliza chakula.

"Utamenya wewe," Kokuberwa akasema.

"Nimenye nini?"

"Ndizi, waitu, mwenzangu. Nyumba hii huwa tunamenya nini kingine?"

Clavery alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Lazima ieleweke alichokuwa anaombwa. Mwanamume wa Kihaya wa miaka ile angeweza kukata mkungu, kuubeba, kuusifu na kuula. Kuumenya, wakati mke yuko mzima na amekaa pale anamwangalia, hapana. Baba yake Clavery alipofiwa na mke alilala njaa siku mbili akisubiri dada yake aje kumenya, na watu walimsifu.

"Watu wataniona," akasema.

"Menyea ndani."

"Miezi mitatu?"

"Mimi nimetembea Nyanga na mjini miezi sita. Sikukuomba unibebe. Nakuomba kisu." Akamsogezea kisu kwa kiwiko, kwa sababu alikuwa ameshaanza kupumzisha kidole.

Clavery akafunga mlango, akavuta kikapu.

Wiki ya kwanza ndizi zilinuka grisi. Alimenya kwa kukata, maganda yakitoka na nusu ya ndizi, na mkungu uliotosha siku nne ukaisha siku mbili. Kokuberwa alikaa kwenye mkeka mikono ikiwa mapajani kama malkia asiye na nchi, akimwelekeza kwa kidevu. Dole gumba alilipaka samli kila usiku na kulivika soksi ya utoto ya mwanawe. Hakushika jembe, hakufua, hakusugua sufuria. Mambo yote aliyozoea kuyafanya bila kuyafikiri sasa aliyafikiri bila kuyafanya, na aligundua kwamba kukaa bure ni kazi ngumu kuliko kahawa.

Siri ilidumu siku tisa. Siku ya kumi Immakulata alikuja kuomba chumvi, akapitia nyuma kama jirani yeyote, na kumkuta Clavery juu ya kigoda, kisu mkononi, maganda mazito yamemzunguka.

Immakulata alisimama, akatazama, akachukua muda wake.

"Clavery waitu," akauliza kwa upole, "unachonga mtumbwi?"

Chumvi aliisahau. Kabla jua halijazama kilabu kizima cha rubisi kilikuwa na habari, na kesho yake wanaume walimwamkia Clavery kwa maamkizi ya mwanamke aliyejifungua, wakamwuliza kama maziwa yanatoka. Mmoja alimletea kanga. Mwingine alitaka kujua Kokuberwa alimtolea mahari ya ng'ombe wangapi. Clavery aliacha kwenda kilabuni juma zima, akawa anarudi moja kwa moja kutoka njia panda, anamenya, anakula, analala ameelekea ukutani. Kokuberwa aliona. Usiku mmoja nusura avue ile soksi achukue kisu. Aliukamata mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaukalia.

Jumapili iliyofuata Clavery alivaa koti, akaenda kilabuni, akanunua kibuyu, akanywa nusu bila haraka. Walipoanza nyimbo zao za kumkejeli akasimama. Walioshuhudia wanasema hakupaza sauti.

"Nimemenya jana, nimemenya leo, na kesho nitamenya," akasema. "Mke wangu anaidai ofisi ya serikali na haogopi. Mimi niogope nyinyi?" Akakaa, akamaliza kibuyu. Nyimbo ziliendelea, lakini zilikuwa zimepungua chumvi.

Mwezi wa kumi na moja senene, panzi wa kuliwa, walishuka. Nyanga nzima ilitoka na vikapu, watoto wakikimbia, wanawake wakikaa makundi makundi kunyofoa mabawa na miguu, kazi ya dole gumba na shahada, ileile, dona, tupa. Hakuna adhabu kubwa kwa Mhaya kama kukaa kando ya kikapu cha senene na mikono mapajani. Kokuberwa alikwenda kujificha mjini, barazani kwa Yunus. Alikuwa anashinda pale mara nyingi siku hizo, akijifunza kwa macho: uzi unavyopita, mguu unavyokwenda, kwapa la gauni linavyokatwa. Yunus alizoea kumwona, akawa anashona huku anaeleza, na asipoona tundu la sindano humwuliza yeye liko wapi.

Tarehe tatu mwezi wa kumi na mbili alipanda basi la Muleba, soksi mkononi, akalala kwa shangazi yake. Alfajiri alikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi. Josia alipofika akamtazama, akaitazama soksi.

"Mama wa Bukoba. Umenifuata?"

"Sikukufuata wewe. Nimefuata jalada langu."

Akavua soksi. Josia akaweka wino, akabonyeza. Mara ya kwanza wino ulizidi, likatoka doa. Josia akafuta, akaweka kidogo, akabonyeza tena kwa utulivu, akainua. Akaweka lenzi juu ya karatasi, kisha juu ya kadi ya zamani, kisha karatasi, kisha kadi. Nje mtu alikuwa anagombana na bata. Kokuberwa alimsikiliza bata yule kuliko alivyowahi kumsikiliza padri.

"Hafifu," Josia akasema. "Lakini mzingo huu ndio huu. Na huu ndio huu." Akainua macho. "Yupo."

Kokuberwa hakumshukuru mara moja. Alimwuliza fedha zitalipwa lini. Josia akasema hundi huandikwa Dar es Salaam, miezi miwili, pengine mitatu. Akamwambia aende nyumbani asubiri. Kokuberwa akavuta kiti, akakaa. Alisema miezi kumi amesubiri kwa maneno ya mdomo, sasa anataka karatasi: kwamba amehakikiwa, na tarehe, na muhuri. Watu waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika, naye akawageukia akawaambia kwamba na wao waombe. Josia akaandika. Kokuberwa akaisoma barua yote, kwa kidole cha shahada, akakuta hakuna anwani ya kupelekea hundi. Akairudisha. Josia akaandika sanduku la posta la parokia, akapiga muhuri mara mbili, labda kwa kumwogopa.

Zilibaki siku tisa kufika Idd. Hundi ilikuwa miezi mitatu mbele. Kokuberwa alijua hesabu hiyo haikubaliani, na hakutaka Yunus aisikie kwa mtu mwingine. Alishuka kwenye basi akaenda moja kwa moja barazani, akamwekea ile barua juu ya meza ya cherehani.

Yunus hakuweza kuisoma kwa macho yale. Akamwomba amsomee. Kokuberwa akasoma mpaka muhuri.

"Yule wa Muleba amekuja jana," Yunus akasema. "Ameweka mia saba hapa, ulipoweka karatasi."

Kokuberwa akanyoosha mkono kuichukua barua yake.

"Nikamwambia imeshauzwa." Yunus alipapasa kofia yake. "Mpaka msikitini wanacheka habari ya mumeo. Mimi nimezaliwa hapa, nimezeeka hapa, sijaona Mhaya mwenye mke mzima akimenya ndizi. Kwenye rehani nimewekewa saa, nimewekewa baiskeli, nimewekewa pete ya ndoa. Hiyo heshima ya mumeo sijawahi. Mtu aliyeweka rehani ile hatakimbia kwa mia sita na hamsini. Ichukue, binti yangu. Utalipa ikija."

Ingekuwa rahisi kuichukua. Kokuberwa aliishika meza kwa mkono wa kulia, na dole gumba lake jipya likahisi mikwaruzo ya mbao.

"Siichukui ambayo sijailipia," akasema. "Itabaki hapa kwako. Nitakuja asubuhi, nishone hapahapa, wewe unielekeze. Nusu ya ujira yako mpaka hundi ije. Isipokuja, cherehani yako hiyo hapo, na mimi nitakuwa fundi bila cherehani, ambayo ni hatua mbele ya mchambuzi bila kahawa."

Yunus akasema hiyo ni haki zaidi ya aliyoizoea. Wakapeana mkono.

Hundi haikuja mwezi wa pili. Haikuja wa tatu. Kokuberwa alishona, na kila Jumatatu alipitia kwanza parokiani, kisha ofisini na barua yake yenye mihuri miwili, akakaa kwenye benchi lilelile. Karani akawa anamwona kwenye kona ya barabara anaanza kutafuta jalada kabla hajafika. Mwezi wa nne 1976, katikati ya masika, padri alimwita baada ya misa na kumpa bahasha yenye hundi: shilingi elfu moja mia moja na kumi na nane. Alitia saini kupokea, na safari hii hakuna aliyeulizia kidole.

Yunus alihesabiwa zake siku ileile benki ilipoilipa hundi. Clavery aliifunga cherehani kwenye baiskeli, kichwa mbele na meza nyuma, akaisukuma kwa miguu mpaka Nyanga kwenye matope, akikataa msaada wa wanaume wa kilabuni waliotoka kumtazama. Ndizi bado alikuwa anamenya siku za wateja wengi. Maganda yake yalikuwa yamekuwa membamba, na alichukia kusifiwa.

Mteja wa kwanza kufika barazani mwa Kokuberwa mwenyewe alikuwa Immakulata akiwa na bintiye mdogo, na kitambaa cheupe cha gauni la mtoto huyo, na stori ndefu juu ya miaka kumi na tisa waliyokaa bega kwa bega kwenye meza moja, na juu ya kondoo aliyekufa, na juu ya ujirani. Alitaka kujua, kwa mtu kama yeye, ingekuwaje.

Kokuberwa alikipima kitambaa, akampima mtoto, akatia alama ya chaki. Kushona gauni la mtoto ilikuwa shilingi nne, kwa jirani na kwa mgeni.